Wikendi ya kamera za filamu Lubumbashi: mjini kati, mitaa ya Kenya na Kamalondo, au Kipopo?

Kipande36 | Jumatatu, 20h15

Jambo yenu wote.

Hili tumelizungusha tangu mvua za mwezi wa tatu, sasa vumbi limefika magotini. Tusipolifanya mwezi huu wa saba, basi tena mpaka mwakani. Wikendi ya pili ya mwezi, Jumamosi na Jumapili, watu wa kamera za filamu tukutane Lubumbashi, tutembee, tupige picha, na Jumamosi usiku tusafishe filamu wenyewe. Tumejiandikisha kumi na mmoja: wanane wa hapa, mmoja wa Likasi, mmoja wa Bukavu, na kaka wa Kigoma anayekuja na kamera ya Zenit ya marehemu baba yake.

Sheria ni moja tu. Simu ni ya kuitana na kupimia mwanga, mengine yote iyasahau.

Nina njia tatu kichwani na siwezi kuamua peke yangu.

Mjini kati: tunaanzia Posta, tunapita kanisa kuu la Petro na Paulo, tunashuka upande wa gare, stesheni ya reli, tunaishia kwenye makumbusho. Majengo ya wakati wa Wabelgiji, barabara zilizonyooka, kuta zinazotupa vivuli vikubwa. Kwa miguu yote. Ubaya wake mnaujua, kila kona ina mtu wa kuuliza unapiga picha ya nini.

Kenya na Kamalondo, mitaa yetu ya hapahapa mjini: soko, washonaji, mafundi wa viatu, vijana wa mpira. Kila hatua tatu kuna picha. Lakini kamera shingoni kwenye soko la Kenya ni kama kupita na sahani ya nyama mbele ya mbwa.

Kipopo, nje ya mji: maji, miti, ukimya. Hapo lazima tukodi basi, na mimi binafsi nitachoka na maji kwenye fremu ya kumi.

Kumbukeni kila mtu ana roli moja ya filamu, wenye bahati mbili. Fremu 36, basi. Tukikosea mahali tumetupa hela. Semeni.

Zenit_ya_Katuba | 20h41

Kenya. Yaya Kipande, mkubwa wetu, unauliza kitu chenye jibu. Mtu anatoka Kigoma, anavuka ziwa, anakula vumbi siku kadhaa, halafu unampeleka kupiga ukuta wa Posta?

Ninachoogopa si wezi, ni jua. Jua la kiangazi hapa kwetu, bila wingu, ukiwa na filamu ya ISO 400, ni tundu dogo la lenzi, f/16, kwa 1/500 ya sekunde. Zenit E inaishia hapohapo kwenye 1/500, haina zaidi. Maana yake mchana kutwa nimefungwa f/16 na kila kitu kinatoka kikali, kuanzia pua ya mtu mpaka ndoo ya jirani nyuma yake. Wenye Praktica za 1/1000 mnapumua kidogo. Kwa hiyo kama ni Kenya, tuingie vibanda vinapofunguliwa, vivuli vikiwa bado virefu.

Mikanda ya shingoni tuiache. Funga kamba fupi kwenye kiganja, kamera ikae ndani ya koti. Asubuhi za mwezi wa saba kila mtu ana koti, nani atashangaa?

Lenzi50 | 21h02

Mimi nautetea mji. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mji ukazaliwa mwaka uleule, na mpaka leo ukisimama katikati ya barabara unaona kazi ya mtu aliyeuchora kwa rula. Kisha miaka ya 1950 akaja msanifu majengo Claude Strebelle na teatro lake, hakuna tena kunyooka. Jua la asubuhi likipiga pale kwa ubavu, jengo lenyewe linakuambia usimame wapi.

Kwa wenye nyeusi na nyeupe: udongo wetu mwekundu na matofali yetu hugeuka kijivu cha matope kwenye negativi. Weka kichungi cha rangi ya chungwa. Ukuta unafunguka, anga la bluu linashuka chini, mawingu machache ya kiangazi yanajitokeza. Kinakula mwanga hatua mbili, na hapo wewe Zenit unayelia na f/16 unarudishwa f/8 bila kuongeza hata faranga. Ukivikosa vichungi, nina viwili vya milimita 58, na lenzi yako ya Helios 44-2 huenda ni 49, kwa hiyo utakishika kwa mkono kama sisi maskini wengine.

Asiyepiga_Gare | 21h30

Jina langu la humu lina historia yake, na wapya hawaijui.

Jumapili moja mji ukiwa mtupu, mimi na kamera yangu ya K1000, napiga baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Baiskeli tu. Kumbe nyuma ya ukuta kuna ofisi ya watu wakubwa. Akatokea bwana mmoja wa nguo za kawaida, akasema yeye ni wa usalama, akataka niifute ile picha. Nikamwambia mzee, haifutiki, ni filamu. Hapo ndipo alipokasirika kweli, alidhani namchezea. Akaomba aione nyuma ya kamera. Nyuma ya kamera hakuna kioo, kuna ngozi nyeusi tu. Mwishowe nikaufungua mgongo mwenyewe na kuvuta utepe wote nje, juani. Fremu 31, na nne kati yake za ubatizo wa mtoto wa dada yangu.

Kwa hiyo, Yaya Kipande, ukiupanga mji: gare usiipige bila ruhusa, kiwanja cha ndege usahau, askari na madaraja usahau, na hilo teatro la Lenzi50 ndimo bunge la jimbo linamokaa, walinzi hawajui Strebelle ni nani. Tusitembee kumi na mmoja kama msafara wa harusi, tugawane watatu watatu. Na barua ya komini, ofisi ya mtaa, yenye muhuri. Muhuri mkubwa. Mtu anayekusimamisha hasomi barua, anatazama muhuri.

Lenzi50 | 21h37

Pole ndugu. Ila hapo si kosa la mji, ni kosa la kubishana. Mimi nikiulizwa nampa mtu kamera achungulie. Akishaona kidirisha anacheka, anaomba apigwe yeye.

Asiyepiga_Gare | 21h39

Wewe una sura ya mwalimu. Mimi sina.

Kivu_Bila_Flashi | 22h10

Habari za usiku kutoka Bukavu. Kipopo mniondolee. Maji nayaona kila asubuhi nikifungua dirisha, sikukata tiketi kuja Katanga kutazama maji. Mimi nataka lile bomba la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines na ule mlima mweusi wa taka za shaba. Nimeviona kwenye picha za watu tangu utotoni.

Kipande36 | 22h18

Utaviona, kaka. Kwa mbali, kutoka barabarani. Ndani ni eneo la kampuni, na mimi sitaki jina la pili la humu linaloanza na “Asiye”. Lenzi ya milimita 135, ya kuvuta mbali, itakutosha, na jioni ndiyo saa yake, jua likiwa nyuma ya mlima. Mtu wa kwanza aliyenifundisha kuitazama shemine ile kama kitu cha kupigwa picha ni mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapahapa, 1978, kwa kazi zake za kubandika wafanyakazi wa zamani wa migodi mbele ya magofu ya leo. Kisha yeye na wenzake mwaka 2008 wakaanzisha mikutano ya sanaa hapa mjini, wakaiita Picha. Neno letu hilohilo. Nilipoona limeandikwa kubwa ukutani nilijivuna kama vile nimelitunga mimi.

Na kwa wote mnaokuja kwa ndege: filamu isiwekwe kwenye sanduku linaloingia chini. Mashine za mizigo ile zinaichoma, unapata ukungu kwenye kila fremu. Ibebe mkononi, kwenye mfuko unaoona ndani, uombe ikaguliwe kwa mkono. Skana mpya za mizigo ya mkononi, zile zinazozunguka, nazo si rafiki. Omba kwa upole, tabasamu, na ufike mapema.

Mama_Negativi | Jumanne, 6h20

Jambo yenu wanangu. Nimewasoma wote jana usiku, nikalala, nikaamka bado nina neno.

Mnagombana juu ya mahali. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na studio Kamalondo, chumba kimoja, pazia lenye ngazi na maua yaliyochorwa, kiti kimoja cha rotini. Hatukwenda popote. Jumapili baada ya misa foleni ilitoka mpaka barabarani. Wazee wa Njanja, wale wa reli, walikuja na kofia zao za kazi. Anaivaa, anaivua, anaivaa tena, anamuuliza mkewe ipi inafaa, na mume wangu anangoja tu na kidole kwenye kifyatulio. Alikuwa hapigi mpaka mtu achoke kujitengeneza. Pale mtu anapochoka, uso wake unarudi.

Mteja alilipa nusu ya bei siku ya kupigwa, na nusu ya pili siku ya kuchukua. Kama uso umetoka mweusi kama sufuria, hiyo nusu ya pili huioni. Ndiyo maana tulijifunza mwanga. Kipima mwanga cha kamera hakijui mtu wala shati, kinataka kila kitu kiwe kijivu. Mpige baba mweusi kama mimi aliyevaa shati jeupe la misa, kamera inaliona shati, inafunga, na macho ya baba yanapotea. Mume wangu alikuwa anapima kiganja chake mwenyewe kwenye mwanga uleule aliokalia mteja, kisha anafungua hatua moja. Kiganja cha mtu mweusi na cha mzungu havitofautiani sana, tazameni vyenu. Kwa nyeusi na nyeupe, tafuta uso kwanza. Shati litajitetea lenyewe wakati wa kuchapa.

Sasa swali langu. Hao watu wa soko la Kenya mtakaowapiga, picha zao wataziona lini? Mwaka juzi kijana mmoja alipita mtaani kwangu na kamera nzuri ya zamani. Alimpiga mama wa mikate, akamwahidi. Mpaka leo mama yule ananiuliza mimi foto yake iko wapi. Mimi, ambaye huyo kijana hata simjui.

Uwanja ninao. Pazia lipo bado, panya wamekula ngazi mbili za chini. Nina tangi mbili za kusafishia filamu, za roli mbilimbili, na chumba cha kuogea kisicho na dirisha. Njooni Kamalondo. Mkitaka kutembea, tembeeni, lakini jioni mrudi hapa, na mliowapiga waitwe kwa jina.

Zenit_ya_Katuba | 7h05

Mama, kijana yule hakuwa mimi. Nataka ijulikane.

Mama_Negativi | 7h11

Najua. Wewe unadaiwa mengine.

Likasi_Rangi | 9h48

Samahani kwa kuingilia mambo ya wakubwa. Mimi nina Kodak Gold 200 mbili, za rangi. Mkisafisha Jumamosi usiku na zangu zitaingia? Na je, ile ya kusafisha kwa kahawa ni kweli au ni ya kwenye video?

Chumba_Giza | 12h30

Mdogo wangu wa Likasi, nakujibu wewe, na wengine wasikie maana hapa ndipo wikendi hii itasimama au kuanguka.

Rangi haitaingia. Dawa za rangi, C-41, zinataka nyuzi 37.8, dakika 3 na sekunde 15, na mtengenezaji hataki dawa ya kwanza ipotee hata robo ya digrii. Nyumbani kwangu nimewahi kuifanya na beseni la maji ya moto juu ya makaa. Roli ya kwanza ilitoka vizuri, ya pili nyuso zote zilikuwa na rangi ya maembe. Kwa watu kumi na mmoja, usiku, na umeme wetu huu unaokuja ukipenda? Hapana. Gold yako ipige, iweke mahali pa baridi, utaituma baadaye.

Nyeusi na nyeupe ni nyuzi 20, na inasamehe. Lakini kwa mwezi wa saba tatizo letu ni kinyume cha watu wa pwani: maji ya bomba usiku yanauma meno. Yachemsheni kidogo, changanyeni, pimeni kwa kipimajoto. Filamu ya HP5 ya Ilford kwenye dawa ya D-76 isiyoongezewa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Dawa ikipoa mpaka 18, nenda kama dakika 9. Kutikisa: pindua tangi mara nne katika sekunde kumi za kwanza za kila dakika, kisha liache. Anayetikisa kama anachekecha unga anaongeza ukali na michirizi kwenye matundu ya pembeni.

Pakiti kubwa ya D-76, ya lita 3.8, inatosha roli kama 16 bila kuidhulumu. Ninayo moja, haijafunguliwa. Lakini tafadhali, TAFADHALI, njooni na filamu ya aina moja. Filamu ya Tri-X kwenye dawa hiyohiyo ni dakika 6 na robo tatu, HP5 ni 7 na nusu. Kila mtu akija na yake tutakesha tukihesabu. HP5, wote. Mwenye kingine aje nacho kwa ajili ya nyumbani.

Maji ya kuoshea msiogope. Mama akiwa na ndoo mbili tunatosha. Baada ya fiksa, dawa ya mwisho inayoiimarisha picha, jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Ndiyo njia ya Ilford wenyewe, na haihitaji bomba la kumwagika nusu saa.

Kahawa: ni kweli. Ilianza 1995 kwenye chuo cha Rochester, Marekani, kama zoezi la darasani. Kwa lita moja ni kahawa ya unga inayoyeyuka gramu 40, magadi ya kufulia yaliyokauka gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, dakika 15 kwa nyuzi 20. Nilikosea mara ya kwanza, nikatia soda ya mikate badala ya magadi. Filamu ilitoka safi kama kioo cha dirisha. Soda ya mikate ukiipata peke yake, ikaange kwenye sufuria kavu mpaka iache kutoa mvuke, inageuka magadi. Na fiksa ya kweli bado unaihitaji. Harufu sitaielezea, mke wangu bado anaieleza.

Likasi_Rangi | 12h52

Aksanti sana yaya. Nitaazima HP5. Ila kahawa nitaijaribu, siwezi kujizuia.

Kichuguu | 18h40

Naona Kipopo imezikwa bila matanga.

Nani kati yenu amepiga kichuguu vizuri? Vichuguu vyetu hivi vya Katanga, virefu kuliko nyumba, vyenye miti yake juu. Mji huu una matofali mangapi yaliyotoka kwenye udongo wa vichuguu, na hakuna anayevitazama. Alfajiri ya kiangazi nje ya mji kuna ukungu mwembamba chini, na moshi wa vichaka vinavyochomwa kwa mbali. Kichuguu kinasimama hapo kama mzee amejifunika blanketi. Ukiwa na kamera ya filamu pana ya 120, fremu 12 za mraba, hutaki zaidi. Sokoni fremu 12 zinaisha kabla hujanunua nyanya.

Lakini nakubali kwamba kichuguu hakitakudai picha yake. Mama Negativi ameshinda. Naomba tu Kipopo ihifadhiwe kwa mwezi wa nne, ile Jumapili ya mwisho, siku ya dunia ya kamera za tundu la sindano. Nina mikebe ya maziwa nimeshaipaka nyeusi ndani.

Kipande36 | 21h00

Basi naona tumeamua bila kupiga kura.

Jumamosi mjini kati, mapema na kwa ufupi, kutoka 6h30 jua linapochomoza mpaka 8h30. Watatu watatu, barua naifuatilia mimi. Hakuna gare. Kisha Kamalondo kwa Mama: pazia, kiti, kila mtu apige majirani wasiopungua watatu na aandike jina, namba ya fremu na mlango. Jioni Kivu apelekwe kuona shemine yake. Usiku kusafisha. Jumapili Kenya, asubuhi, kamera makotini, kwa wenye roli ya pili. Picha tutazikopi kwa simu juu ya skrini nyeupe, tutachapisha kwenye studio ya dijitali, na Jumamosi inayofuata tutazirudisha. Kipopo mwezi wa nne.

Chakula: bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa Mama, tunachanga. Munkoyo, kinywaji chetu, naleta mimi.

Kigoma_Kwa_Meli | 21h25

Wakuu, salamu zenu. Shikamoo Mama. Samahani, hii 6h30 ndiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa hesabu zetu, au ni saa sita na nusu mchana? Nisije nikafika mmeshasafisha.

Mama_Negativi | 21h40

Marahaba mwanangu, hiyo salamu mimi huisikia redioni tu. Ni ile saa jua linapotoka. Hesabu utakavyo.

Chumba_Giza | Jumapili, 22h50

Tumemaliza. Nimekaa kwenye kigoda nyumbani, vidole vinanuka fiksa, naandika kabla sijalala.

Tulikuwa kumi na mmoja, na kuanzia jana usiku mpaka jioni hii zimepita kwenye tangi roli 14. Kumi na mbili zimetoka. Moja imechanika kwenye spirali, kile kigurudumu cha kuviringishia filamu ndani ya tangi, ni yangu, na sitaki kuizungumzia. Umeme ulikatika roli ya tano ikiwa ndani ya tangi, tukamalizia na mshumaa na saa ya mkononi ya Asiyepiga_Gare. Ni usiku ule tu ambapo kukatika kwa umeme hakukumkera mtu, kuingiza filamu kwenye spirali kunataka giza hilohilo.

Kukausha ndiko kulitusumbua. Vumbi la kiangazi linaingia hata pasipo na dirisha. Mama akachemsha sufuria la maji, akaliacha chumba cha kuogea mpaka kuta zikalowa, akatoka, ndipo tukatundika. Mvuke unashusha vumbi sakafuni. Negativi zilining'inia kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, na kila aliyekwenda kukojoa alikwenda kwa kunyata, bila sweta la sufu, kwa amri.

Mjini hakuna aliyesimamishwa isipokuwa Lenzi50 mwenye sura ya mwalimu. Alimpa mlinzi kamera achungulie, kama kawaida yake, na mlinzi akafyatua fremu tatu. Moja ni nzuri kuliko zote za Lenzi50.

Sasa huzuni. Kaka wa Kigoma, Zenit ya baba yake. Alipiga Kamalondo nzima, alimpiga mzee wa Njanja mwenye umri wa miaka 84 na kofia yake, mzee aliivaa na kuivua kama Mama alivyosimulia, sote tukacheka. Nilipotoa filamu yake kwenye tangi ilikuwa tupu. Namba za pembeni zipo, picha hakuna hata moja. Utepe haukushika kwenye kigurudumu cha kuvutia, kwa hiyo haukusogea hata fremu moja. Nilipaswa kumwambia asubuhi: ukivuta mkono wa kamera, tazama kile kitufe cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Kigoma_Kwa_Meli | 23h05

Msinipe pole zaidi, nimeshapewa za kutosha. Mama alinitia roli nyingine mwenyewe, nikatazama kitufe kikizunguka, nikarudi kwa mzee asubuhi hii badala ya Kenya. Alikuwa amevaa kofia tayari. Akaniuliza, “Ile ya jana haikutoka?” Nikasema haikutoka mzee wangu. Akasema hata wao garimoshi liliondoka tupu mara nyingi tu. Nimepiga sita. Zimo kwenye zile kumi na mbili.

Zenit_ya_Katuba | 23h12

Nimeziona zikiwa kambani. Ya nne.

Kivu_Bila_Flashi | 23h20

Ya nne, ndiyo. Kwa wanaokopi kwa simu: inueni negativi sentimita mbili tatu juu ya skrini, weka vipande viwili vya kioo au hata viberiti pembeni, la sivyo vidoti vya skrini vinaonekana usoni mwa mtu. Mimi nimejifunza kwa uso wa mama wa mikate. Narudia kesho.

Mama_Negativi | Jumatatu, 6h15

Mama wa mikate amekwisha kupita hapa leo. Nimemwambia Jumamosi. Amesema hiyo Jumamosi anaijua.

Na kuna roli moja kwenye friji langu, ndani ya kopo la mafuta, imeandikwa “usifungue”. Iko karibu na samaki. Mwenyewe ajitokeze kabla sijapika.

Likasi_Rangi | 6h31

Ni Gold yangu Mama. Nakuja.